Alichokikata kwa Wino Mwekundu

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya wakala wa mizigo, karibu na bandari ya Kigoma. Barua za wateja wetu wa Zambia, huko kusini mwa ziwa, nilizichapa mimi, kwa Kiingereza. Siku moja nilimalizia barua hivi: "We look forward to hearing from you." Msimamizi wangu akaichukua, akakata neno la "hearing" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "hear". Kisha akaisoma kwa sauti mbele ya makuli na wateja.

"Binti wa kijijini Simbo! Baada ya 'to' kitenzi hakiwekewi mkia. Kiingereza ulijifunzia kwenye mihogo?"

Walicheka wote. Nikaomba radhi.

Jioni nilifungua kamusi ya kaka yangu. Mfano ulikuwepo: "I look forward to seeing you." Nilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeomba radhi kwa sentensi isiyo na kosa, na hilo lilinichoma kuliko kile kicheko. Nikajaza kurasa nne za daftari kwa sentensi za aina hiyo, huku meno nimeyauma.

Miezi ikapita. Nafasi ya meneja wa tawi ikatangazwa, msimamizi akaniletea barua yake ya maombi niichape. Alikuwa ameiandika kwa mkono. Mwishoni ilisema: "I look forward to meet you."

"Nirekebishe popote, bosi?"

"Chapa kama ilivyo. Usije ukaniharibia."

Nikachapa kama ilivyo, herufi kwa herufi. Ile ya mkono nikaifungia kwenye droo.

Mkurugenzi alipokuja kutoka Dar, alituita wote, barua ikiwa mkononi. "Anayetaka kuwaandikia Wazambia ndiye anaandika hivi?"

"Ni huyu binti, mzee," msimamizi akadakia. "Kachapa vibaya."

Nikaenda kwenye droo, nikarudi na karatasi, nikaiweka mezani.

"Mwandiko wake huu hapa, mzee."

Mkurugenzi alisoma, akamtazama msimamizi. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani wacheke.

Nafasi akapewa mtu wa Tabora. Msimamizi hakumaliza mwezi, akaacha kazi.

Mama anasema ningemsahihishia tu, yule ana watoto. Labda. Juzi nilimwona mtaani Kasingirima, akajifanya anaongea na simu. Nikamsalimia kwa sauti kubwa, mara mbili, mpaka akaitikia.