Mfuko wa Uwele

Marehemu Theodora, mke wa mzee Mughwai wa upande wa Ikungi, alikuwa mtu wa kugawa. Jirani akija kuomba moto, aliondoka na moto na mboga juu yake. Mughwai alinung'unika miaka yote. Mke hakubadilika.

Mwaka ule wa kipindupindu, watu wakiwa bado wageni katika kijiji cha ujamaa, Theodora alipanda juu ya tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo, kuanua uwele. Paa likameguka. Akaanguka, paja likavunjika. Wakampeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Daktari akasema mfupa umepandana, atapasua autie chuma. Kwanza mguu uvutwe, usije ukaungana ukiwa mfupi. Wakafunga kamba mguuni, wakaipitisha mwisho wa kitanda, wakaning'iniza mfuko wa mchanga.

Siku ya kupasuliwa haijafika, kipindupindu kikaingia. Daktari akapelekwa kambini kwa wanaoharisha. Chumba cha upasuaji kikapigwa kufuli, dripu zote zikaenda huko. Vitanda vya turubai vya wodi ya mifupa vikatobolewa katikati, ndoo ikawekwa chini. Mughwai alimwona mtu akitia kisu kitanda cha mkewe, joto la mwili wake halijatoka.

Wagonjwa wa mifupa wakahamishiwa darasa moja la shule, wakalazwa kwenye vitanda vya mbao. Katika purukushani hiyo mfuko wa mchanga ukapasuka. Mughwai alikuwa na mfuko wa uwele, chakula cha mkewe. Nyumbani mbegu huning'inizwa darini, panya na mchwa wasizifikie. Basi akaona heri uwele ukae hapo hapo kwenye kamba, ufanye kazi mbili. Alphonce, muuguzi aliyebaki nao, akaupima kwa mkono.

"Uzito ni uzito, mzee," akasema, kisha akatania kwamba mguu wa mama huyu hautakufa njaa.

Mughwai akarudi kijijini kufuata mboga. Nyuma yake barabara ikafungwa. Alikwenda kwenye kizuizi mara nyingi, mgambo wakamrudisha. Baridi ikaja, baridi ikaisha.

Njia ilipofunguliwa alikwenda bila kupumzika. Alikuta kamba mahali pake. Mfuko ulikuwa umenywea kama kiriba kisicho na maji. Daktari naye alikuwa amefika asubuhi hiyo, amekonda, macho yameingia ndani. Alikuwa akipima miguu ya Theodora kwa uzi, mmoja, halafu wa pili. Akaurudia ule wa kwanza. Kisha akaushika mfuko.

"Nani amekula mguu wa mama huyu?"

Rahabu, mama wa mtoto aliyevunjika mkono, akainamisha kichwa.

"Tumekula wote," Theodora akasema. Akaeleza kwamba chakula cha hospitali kilikatika, na darasa lilizungushiwa kamba ya kuzuia watu, ndugu hawaruhusiwi kuleta kitu. "Mtoto wa Rahabu alikuwa analia njaa, daktari. Mguu haukulia."

Mughwai akaketi kwenye dawati.

"Mama Antipasi," akamwuliza mkewe, "ulijua mfuko unapungua?"

"Nilijua. Ulitaka nining'inize chakula, watoto wakinitazama?"

Daktari akasema mfupa umekwisha kuungana, mfupi na umepinda. Kuuvunja upya ni kazi ya chumba cha upasuaji, na kufuli lile halijafunguliwa, wala chuma chenyewe hakipo. Atatembea kwa fimbo maisha yake yote. Alisema hayo akitazama sakafu, akatoka.

Mughwai akauliza kwa nini hawakutia mawe badala ya ule uwele. Wakatazamana. Alphonce alikuwa ameitwa kambini tangu siku nyingi. Wao walichota, wakachemsha, wakala. Hilo la mawe halikumjia mtu.

Mughwai akasogea mlangoni. Chungu cha Rahabu kilikuwa pale uani, juu ya mawe matatu. Uwele ule wote ulipikiwa juu ya mawe.

Akatoka, akakitua chungu. Akang'oa jiwe moja, moto bado, akalibeba kwa upindo wa shuka lake. Akaingia nalo, akalitia katika ule mfuko wa uwele. Kamba ikakaza, kitanda kikalia. Mguu haukusogea hata kidogo. Akarudi kufuata la pili.

"Acha, baba Antipasi," Theodora akamwambia. "Unaniumiza bure."