Mpima Klorini

Mwaka 1995 Niyomugabo alikuwa na karatasi mbili tu za maana: kadi ya mgao wa chakula, na barua ya shule moja ya misheni ya Biharamulo. Wanahitaji mwalimu wa kemia, barua ilisema. Aripoti kabla ya tarehe mosi Agosti. Kutoka kambini kwao Ngara kwenda huko ni mwendo wa nusu siku kwa lori. Lakini mkimbizi hapiti kizuizi bila kibali, na kibali chake kilingoja sahihi ya Gidioni, Mhangaza, mwenyeji wa kijiji cha Mabawe, aliyesimamia maji ya kambi.

"Ijumaa, mwalimu," Gidioni alimwahidi. "Ijumaa nasaini, ukawafundishe wenye kalamu."

Kwao Burundi alifundisha kemia miaka kumi na mmoja. Hapa mwanafunzi wake alikuwa tangi. Kila asubuhi alitia shabu, tope likagandana na kuzama. Ndipo akatia klorini, akachota kikombe na kudondosha kidonge cha kupimia. Maji yakigeuka rangi ya waridi, watu wachote. Walichota huku wamekunja pua. Harufu ile, walinong'ona, inafunga vizazi vya wanawake.

Asubuhi moja Leonsia, mpika pombe wa mtaa wa pili, alimjia mkono kiunoni.

"Mwalimu, umeniua! Siku ya tatu hii, pombe yangu ya ndizi imelala kama maiti. Umetia nini kwenye maji?"

"Klorini, mama. Inaua vijidudu vya kuhara."

"Na vya pombe je?"

Niyomugabo akacheka mpaka akakaa chini. Miaka kumi na mmoja, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza swali zuri kama hilo. Akamweleza yote, kama mtu aliyekuwa na njaa ya kusema: kwamba kinachochachusha pombe ni chachu, nayo ina uhai, huingia pamoja na unga wa mtama, kwamba klorini haichagui adui wala rafiki. "Mimina maji kwenye beseni pana, uyaache wazi juani kutwa nzima. Klorini itaruka yenyewe."

Pombe ilichacha. Na Leonsia hakuwa mtu wa kukaa na habari tumboni. Juma halijaisha, kila kibanda kilikuwa na beseni mlangoni, maji yakianikwa kama mihogo. Harufu iliondoka, watu wakafurahi. Kuku walikunywa humo, watoto wakanawa humo, jioni akina mama wakachota humo ya kunywa.

Kisha kuhara kukaanza. Siku ya Jumatano watoto tisa walibebwa mgongoni hadi zahanati, mjukuu wa Leonsia akiwa mmojawao. Niyomugabo alipita mlango kwa mlango na vidonge vyake. Beseni la kwanza: maji hayakubadilika rangi. La pili, la kumi, la ishirini: meupe, meupe, meupe. Tangini kila kitu kilikuwa sawa.

Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza siku mbili tu, sahihi ingepatikana. Alizunguka ofisi ya Gidioni mara tatu kabla ya kubisha.

"Ni mimi," alisema. "Niliwaambia klorini inaruka juani. Sikuwaambia kwamba hayo ni maji ya pombe, si ya kunywa."

Gidioni alivua kofia, akakuna kichwa. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Nani mwingine hapa anajua hivyo vidonge?"

"Hakuna. Nipe mwezi nimfundishe mtu."

"Mwezi! Tarehe mosi ni Jumanne." Akaisukuma fomu ya kibali pembeni. "Nikikuruhusu leo, mzee wangu, kesho nitampeleka nani kwenye yale mabeseni?"

Kesho yake Niyomugabo alianza vibanda vya juu, Leonsia akimtangulia na kupaza sauti kwa Kirundi, watu wafunike maji, wafunike! Waliitika shingo upande. Jumanne ikapita hivyo, na Jumanne iliyofuata.

"Watoto wamepona wengi," Leonsia alimwambia siku moja, bila kumtazama usoni. "Lakini nikifunika tena pombe inalala. Kesho utapita, mwalimu, nikuulize vizuri?"

"Nitapita."

"Na keshokutwa?"

"Niende wapi, mama?" alisema, akainamia beseni lililofuata.