Honi ya Mzee Kabati

Jina la Mzee Kabati alipewa na maseremala, kwa sababu kwa miaka thelathini na miwili hakuna kabati, kitanda wala meza iliyotoka kwenye karakana zao bila kupanda pikapu yake. Pikapu yenyewe ilikuwa imekula chumvi nyingi kuliko madereva wengi wa mji ule. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba, kiti kilikuwa kimetoa sponji, na rejeta ilivuja tangu binti yake hajaanza shule. Hakuwahi kuiziba. "Ukiziba hapa, inatoboka pale," alisema, na kwa uvivu wake huo akaanzisha mazoea nyumbani. Kila jioni akifika getini alipiga honi mara mbili, moja fupi na moja ndefu, na mke wake akatoka na dumu la maji ya rejeta.

Siku hizi mke wake alikuwa amesahau karibu kila kitu. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, yakafuata majina ya wajukuu, mwisho akamsahau hata binti yao aliyekuja kila asubuhi kumwogesha, akawa anamwita nesi. Mumewe akiwa amekaa tu sebuleni, alimkaribisha kama mgeni. Lakini honi ikilia, aliinuka bila kuambiwa, akachukua dumu, akafungua geti na kusema, "Baba Watoto, leo umechelewa." Kuanzia hapo mpaka walale, alimjua. Kwa hiyo Mzee Kabati alilitoa gari kila siku, awe na mzigo asiwe nao, akazunguka mtaa, akarudi ili atambulike kwake.

Macho ndiyo yaliyomwangusha. Daktari alimwambia aache kuendesha, akajifanya hakusikia, hadi asubuhi moja alipomgonga muuza maziwa. Mtu alinusurika, baiskeli ikapinda kama uma wa kuchezea.

"Baba, uza," binti yake alisema. "Likibaki uani utaliwasha tu. Nakujua."

Alijijua pia. Akauza.

Mnunuzi alikuwa mkulima kutoka mbali, aliyetaka gari la kubebea nyanya.

"Linawaka lakini?" aliuliza.

"Linawaka kuliko mimi. Kanyaga mafuta mara mbili, subiri kidogo, ndipo ugeuze ufunguo. Ukiliharakisha linanuna."

Likawaka. Mkulima akafurahi, na Mzee Kabati akaona uchungu kwa jinsi lilivyomtii mtu mwingine upesi.

"Kitu kimoja tu, mwanangu. Honi niachie."

"Mzee! Nyanya zangu zipite barabarani kimyakimya?"

"Utanunua nyingine, ziko tele. Mimi nataka hii hii."

Fundi gari, rafiki yake wa siku nyingi, aliifungua, akaiunganisha na betri ndogo ya pikipiki na swichi ya kengele ya mlango. Mzee akamweleza kwamba mke wake anajua sauti tu, gari lenyewe hata rangi yake amesahau. Fundi akainama juu ya nyaya zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jaribu, mzee," akasema.

Ilikuwa sauti ile ile. Mzee Kabati akarudi nyumbani kwa miguu, betri kwenye mfuko na honi mkononi, moyo ukimdunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Jua lilikuwa bado halijazama. Akasimama getini, akabonyeza. Moja fupi, moja ndefu.

Akasikia kandambili zikija mbio. Mke wake akafungua geti pande zote mbili, kama kawaida ya gari kuingia. Dumu lilikuwa mkononi. Akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule, kisha akaitazama honi.

"Hiyo ni ya mume wangu. Umeitoa wapi?"

"Mama, ni mimi. Gari nimeliuza."

"Mume wangu hauzi gari. Ndugu zake wenyewe walimbembeleza akakataa." Akaitazama tena barabara. "Mzee wangu, usinifiche. Amepata ajali?"

Kwa kuchanganyikiwa, akabonyeza tena. Moja fupi, moja ndefu. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mke wake alikaa chini pale pale getini, akaanza kumlilia mumewe. Alimlilia kwa jina lake la ujanani, jina ambalo Mzee Kabati hakuwa amelisikia kinywani mwake kwa zaidi ya mwaka.

Mzee akaketi kando yake. Alitamani kufa kweli, angalau kilio kile kiwe na haki yake.

Baada ya muda mrefu mke wake alijifuta uso kwa kanga, akaipokea honi na kuipakata.

"Asante kwa kuniletea," alisema. "Mwingine angeiuza."

Akamwona midomo ilivyomkauka. Akafungua kifuniko cha dumu, akamsogezea.

"Kunywa, mzee wangu. Yalikuwa ya gari lake. Sasa hayana kazi."