Tiki Nyekundu za Mwalimu Jepkemboi

Mwalimu Jepkemboi alifundisha darasa la nne miaka thelathini na mbili, na hata baada ya kustaafu aliendelea kusahihisha dunia. Kibao cha duka kilichokosewa herufi hakikumpita salama.

Jambo moja tu lilimnyima raha: ekari mbili za miti nyuma ya nyumba yake huko Kapseret, aliyoitunza na marehemu mumewe. Alitaka wanawe wawili waurithi msitu pamoja, usikatwe vipande. Chebet alikubali papo hapo. Kipkirui alisema tu, "Tutaona, Mama." Uwanja wa ndege uko karibu, wanunuzi wa ploti hawaishi kubisha hodi, na hiyo "tutaona" ilimkaa kooni.

Basi Jumatatu akanunua rangi nyekundu, akaitia tiki mitarakwa yote mikongwe. Hiyo isiguswe milele. Mikaratusi ndiyo iuzwe. Akampigia simu Wakoli, mpasuaji mbao wa mji wa Turbo: "Njoo Alhamisi. Alama nimeshaweka, utaona mwenyewe."

Wakoli aliona vizuri kabisa. Kwa mpasuaji mbao, mti uliopakwa rangi ni mti wa kuangushwa, na hajawahi kusikia vingine.

Alhamisi asubuhi Mwalimu alikuwa akikamua ng'ombe msumeno uliponguruma upande wa mitarakwa, kisha ukanyamaza ghafla. Akaacha ndoo, akakimbia na gambuti zake, roho mkononi. Akamkuta Kipkirui, aliyekuwa njiani kwenda kazini, ameukumbatia mtarakwa mkubwa kuliko yote, tai shingoni.

"Huu hauendi popote," alikuwa akimwambia Wakoli. "Baba alinipimia urefu hapa. Ona hizi alama za panga."

"Lakini bosi, Mwalimu mwenyewe ameweka tiki."

"Tiki ya mwalimu maana yake 'sawa', Wakoli. Kwani wewe hukusoma?"

Jepkemboi alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Alipopata pumzi, akauliza, "Na ile 'tutaona' yako?"

"Mama, ulituambia tu. Hukuniuliza kama nautaka."

Miaka yote hiyo ya kuuliza maswali, na hili lilimpita. Aliona haya, na alifurahi zaidi ya kuona haya.

"Haya. Kipkirui, unautaka huu msitu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akachovya kidole kwenye kopo la rangi lililobaki pale shinani, akamtia tiki shavuni.