Uji wa Mzee Nyongesa

Siku hizi kule Kabiro, Nairobi, kila mlango una kufuli na mtoto wa jirani hashikwi bila ruhusa, lakini miaka ya tisini ilipoanza mtoto alikuwa wa ploti nzima ya vyumba vya kupanga, na aliyekuwa karibu ndiye aliyempangusa kamasi.

Mzee Nyongesa ndiye aliyekuwa karibu. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wako mbali, naye alishinda mlangoni pake akigonga bati kutengeneza majiko. Jirani yake, Adhis, alipoanza kuuza samaki kwenye stendi ya Kawangware 46, alimwachia mwanawe Maurice bila maneno mengi, akawa anarudi adhuhuri kumnyonyesha. Mumewe, Ouma, alikuwa mjengoni akibeba mawe. Mtoto alinenepa, akazoea kulala fofofo kando ya nyundo.

"Mzee, nasikia umeanza kunyonyesha!" Jentrix wa chumba cha tatu alimtania.

"Maziwa yangu yamekauka. Lete unga wa wimbi, wacha domo."

Maurice alipofika miezi sita, Nyongesa alimpikia uji mwepesi, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile, kama mama yake alivyofanya. Adhis alisimama hapo akitazama, akicheka mtoto alivyokunja uso. Wiki hiyohiyo mikono ya mtoto ilivimba, na miguu pia, vidole vikaumuka kama maandazi. Ukimgusa, analia hadi sauti inakatika.

Ouma alikuja na vumbi la mawe bado kichwani. "Ulimpa nini, mzee?"

"Uji. Mama Maurice alikuwepo."

"Watoto wote wanakunywa uji. Wako ulikuwa na nini?"

"Mimi mwenyewe nilikunywa uliobaki. Sasa nivue viatu uone kama nimevimba?"

Ouma akamwambia Adhis amfunike mtoto waende.

Walipompeleka mtoto kliniki, Nyongesa aliwafuata bila kualikwa. Siku ya majibu ya damu alikwenda tena, maana alitaka jambo hilo lisemwe mbele yake. Nesi, Sista Syokau, aliwakalisha wote.

"Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna protini inayobeba hewa," alisema. "Mtoto akiwa tumboni, mwili hutengeneza protini ya utoto. Akishazaliwa, maagizo ya kutengeneza ile ya utoto hufungwa polepole, na ya ukubwani hufunguliwa. Maurice alizaliwa na maagizo mabovu ya hiyo ya ukubwani. Kwa miezi hii ile ya utoto ilikuwa ikimkinga. Sasa imepungua, chembe zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa ya vidole."

"Kwa hiyo si uji?" Nyongesa aliuliza.

"Hata angekunywa maji matupu, angevimba."

"Na hayo maagizo yametoka wapi?" Ouma akauliza.

"Agizo moja bovu kwako, moja kwa mama yake. Nyinyi hamuumwi kwa sababu kila mmoja ana lingine zuri."

"Kwetu hakuna ugonjwa wa damu."

"Upo, Baba Maurice. Haukuwa umejitokeza tu. Mpeni maji kwa wingi, mkingeni na baridi, na homa ikija msingoje."

Nyongesa alitoka pale akidhani mambo yamekwisha. Njiani Ouma alitangulia, kisha akageuka. "Sista amesoma, sikatai. Lakini mtoto wangu amevimbia kwako."

Adhis aliangalia chini. Mzee akaendelea kutembea.

Mwisho wa mwezi Ouma na Adhis walihamia mtaa wa Lindi, kule Kibera. Pale plotini hakuna aliyemtukana Nyongesa. Waliacha tu kumletea watoto. Jentrix alianza kumpeleka mtoto wake kwa mama mmoja wa kulipwa, akipita mbele ya majiko na kusalimu kwa adabu nyingi kupita zamani. Mzee akawa anagonga bati peke yake, na jioni anapika uji wa mtu mmoja.

Mwaka uliofuata bati lilimkata kiganja, akaenda kliniki kufungwa kidonda. Adhis, ambaye bado alimleta Maurice kwa Sista Syokau, alikuwa naye kwenye benchi, amemvalisha sweta mbili, anamnywesha maji kwa kikombe kidogo kidogo, kama walivyoagizwa. Mtoto alikuwa mwembamba, macho yana manjano, lakini alikuwa hai.

"Habari za siku nyingi, mzee," Adhis alisema.

"Nzuri, Mama Maurice. Amekua."

Nyongesa akaketi kando yake. Adhis akamnyanyua mtoto taratibu na kumhamishia paja la pili, lile la mbali na mzee.