Jina Nililolikata Mbotela

Niliondoka Mombasa kwa majivuno, niseme ukweli mapema. Nyinyi mashabiki wangu wa hapa Mombasa ndio mlionivimbisha kichwa: kila nilipoingiza chakacha ndani ya amapiano ya Afrika Kusini bila mtu kusikia mshono, mlipiga mayowe. Basi rafiki yangu Kioko aliponiita Nairobi nipige muziki kwao, siku ya kumkumbuka babake aliyezikwa mwaka jana, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Saa tatu asubuhi nilikuwa mtaani kwao, Mbotela. Hema lilikuwa limeshasimamishwa kati ya nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji. Kioko alinipokea na spika begani. "Niaje, buda? Ingia ukunywe chai, mathe anakungoja."

Mamake alinipa chai, kisha flashi yenye wimbo mmoja wa benga ya Kikamba, uliotolewa kwenye kanda ya zamani. Marehemu Nzioka, babake Kioko, alikuwa dereva wa bendi iliyouimba, nao walimshukuru kwa kumtaja wimboni pamoja na mkewe.

"Mashemeji zangu wanakuja leo," alisema. "Wanasema mimi si bibi ya ndugu yao, ati tulikaa tu. Sitaki kubishana. Wasikie tu. Majina yetu yako mwisho kabisa, kwa hivyo usikate."

"Sawa, mama," nikajibu. Kila mama huniambia nisikate, nami hukata.

Saa nane, baada ya chakula, niliuweka wimbo. Mashemeji watatu walikuwa wamekaa mbele, kofia magotini. Mama Kioko alisimama kando, akajifunga leso vizuri. Magitaa yalikwenda dakika nne, tano; vijana wakaanza kurudi vitini na simu zao. Nikaogopa shughuli itapoa mikononi mwangu. Nikapenyeza amapiano chini ya magitaa, polepole, mapigo yakalingana barabara, kisha nikaizima benga. Vijana walilipuka. Sijawahi kuchanganya vizuri namna ile.

Mashemeji wakainuka. "Asante kwa chakula, Mama Kioko," alisema mkubwa wao. "Lakini hizi kelele si zetu. Wacha sisi twende."

Kioko aliwafuata hadi kwenye gari, akawasihi wasikilize wimbo mmoja tu. Walikataa, wakaondoka.

Niliurudisha wimbo tangu mwanzo, nikauacha uishe. Mwimbaji akawasalimu, kwa Kikamba, dereva Nzioka na mkewe Kalondu. Mama Kioko alikuwa amekaa peke yake mbele, kwenye kimoja cha viti walivyoviacha.

"Kalondu ni mimi," akaniambia.

Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni Kioko alinisindikiza hadi Jogoo Road. "Si mathe alikuambia usikate?" aliuliza mara moja tu. Nikasema aliniambia. Hajanipigia simu tangu siku hiyo.

Nimerudi Mombasa nikakuta video ya mchanganyo ule, waliyoichukua vijana kwa simu, imeshawafikia, na mnanisimamisha njiani kuniuliza nitarudia lini. Sitarudia. Pale mnapopiga mayowe, magitaa yanapozama na ngoma kupanda, mama mmoja alikuwa amebakiza dakika moja aitwe mke wa mtu mbele ya waliomkana. Nilimnyima dakika hiyo ili nishangiliwe, na bado mnanishangilia.