Ng'ombe Niliyemfunika kwa Ukungu

Mwaka 2009, nikiwa na miaka hamsini na mbili, mgongo ulikataa kikapu cha chai. Nilikuwa nimechuma tangu usichana, na shule niliishia darasa la pili. Mume wangu alishatangulia. Watoto walinitumia nauli nikakae kwao Mbeya mjini. Nikaila nauli, nikabaki kijijini kwetu Masukulu.

Kitu kingine nilichojua ni kimoja tu. Kila Krismasi nilisiriba ukuta wa jiko langu kwa udongo mwekundu, nikachora juu yake kwa jivu na chokaa: mlima, migomba, kuku, ng'ombe. Watu walikuwa wanapita kuangalia. Nikasema, basi nitakula kwa mkono huu.

Kazi ya kwanza ya mjini nilipewa pale Tukuyu na kijana mwenye bucha. Alitaka ng'ombe mkubwa ukutani, kando ya neno NYAMA. Wachoraji wengine wanakuchorea ng'ombe yeyote, mnene kama gunia, pembe mbili, kwisha. Mimi siwezi. Sichori mnyama ambaye sijamtazama akicheua. Nikamchora wa jirani yangu: mweusi, doa jeupe usoni, pembe ya kushoto imelala. Alipendeza, na siombi radhi kusema hivyo.

Siku ya soko jirani akapita hapo. Ni mzee mpole, lakini jioni alikuja kwangu bila hodi.

"Mama, umemchinja ng'ombe wangu."

"Si yuko kwako anakula majani ya migomba? Nimemwona asubuhi."

"Yule ni mahari ya binti yangu. Leo baba mkwe wake kaniuliza sokoni, mbele za watu, kama nyama ilikuwa tamu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Huku kwetu ng'ombe anajulikana kwa sura kama mtu, na mzee wa watu nilikuwa nimemwaibisha kwa wakwe.

"Ufute," akasema.

"Sifuti."

Ningefuta, mji mzima ungesema bibi wa chai kashindwa, na kazi ya pili nisingeipata.

Mwenye bucha akaona ni jambo dogo. "Bibi, si umpake rangi awe mwekundu?"

"Mwekundu ni wa mwenyekiti wa kitongoji."

"Basi wa madoadoa."

"Huyo ni wa mchungaji."

Nilizunguka hadi Ikuti nikitafuta ng'ombe asiye na mwenyewe. Hakuna.

Asubuhi moja naenda Tukuyu, ukungu ukashuka. Kando ya barabara alikuwa amefungwa ng'ombe, lakini nilichoona ni miguu minne na mkia. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilipofika nikachanganya rangi nyeupe na kijivu kidogo, nikamfunika yule wa ukutani kuanzia pembe mpaka tumboni. Nikaacha miguu, kiwele na mkia. Juu ya ukungu nikatoa kilele cha mlima Rungwe.

Mwenye bucha akashika kiuno. "Bibi, nani atanunua nyama ya miguu?"

"Kwani supu huuzi?"

Mpaka saa sita watu walikuwa wamejaa pale wanacheka, wanasema hiyo ndiyo Tukuyu yenyewe. Jirani akaja na yule mkwe, makusudi kabisa. Wakatazama muda mrefu.

"Mkia ni wake," mkwe akasema.

"Kwa mkia tu huwezi kumshtaki mtu," nikamjibu.

Jirani alicheka mpaka akakohoa. Wiki ileile akaniita nimchore ng'ombe wake mzima, uso, doa na pembe yake, kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yake, wakwe wakija wamwone. Baada yake akaja mwenyekiti, kisha mchungaji. Kila mmoja alitaka wake, na kila mmoja aliweka kiti nyuma yangu asije akakosewa pembe. Tangu hapo sijakaa bure.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati juu. Nina shamba la migomba na kipande cha chai ambacho wanachuma wengine. Ngazi mbili, moja mbovu. Brashi kumi na moja. Nguruwe wawili. Ng'ombe jike mmoja na ndama wake.